Anayepiga kelele ana pumzi, mtazame aliyenyamaza

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi.

Naomba nafasi kidogo. Wiki iliyopita kuna msomaji mwenzetu aliandika humu akilalamika kwamba ambulansi ni chache na zinachelewa, akashauri kila halmashauri iongezewe. Sina ugomvi naye, zije tu hata kumi kumi. Ila mi nimefanya kazi ya unesi miaka 26, mingi nimeimalizia mapokezi pale pale wanapoteremshwa majeruhi, saa hizi nimestaafu nina duka la dawa muhimu hapa Chalinze hatua chache tu kutoka kwenye lami, na ninachotaka kusema ni kwamba ambulansi haiwezi kuwa ya kwanza kufika. Wa kwanza ni boda. Wa pili mama ntilie, wa tatu utingo wa lori lililokuwa linakuja nyuma. Hao ndo wanaomshika majeruhi mikono ikiwa bado ina unga wa chapati, na hao hamna aliyewahi kuwafundisha kitu, tunachojua ni kuwafukuza tu tokeni hapa mnajaza watu.

Wanaopita njia hii wanaijua. Malori ya Zambia na Kongo yanakutana hapa na mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha, kila mtu ana haraka zake. Ikitokea uso kwa uso usiku, mpaka hospitali ya Tumbi pale Kibaha ni kama kilomita 70, Morogoro mjini ni zaidi ya hizo. Mtu mzima ana damu kama lita 5 hivi mwili mzima. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache tu kamaliza, hazifiki hata za kuchemsha chai. Sasa piga hesabu mwenyewe, hata gari liwe jipya, king'ora kizima, dereva kashakaa ndani kavaa mkanda, akifika atakuta nini?

Mwaka juzi jioni, watu wanakula, Noah iligongana na Fuso mita kama mia mbili kutoka dukani kwangu. Wanaoishi barabarani ule mlio tunaujua, kwanza breki, halafu kishindo, halafu kimya kidogo kama dunia imesahau kitu, halafu ndo mayowe. Nikafunga duka nusu nusu nikabeba boksi la glavu na gozi nikakimbia na umri wangu huu na ndala mguuni. Nafika nakuta dereva wa Noah ameshatolewa, mmoja kamshika makwapani mwingine miguuni, wanamnyanyua kama gunia la mkaa, kiuno kinaning'inia, na kijana wa watu alikuwa anaongea kabisa, anawatajia namba ya simu ya mke wake. Nikapiga kelele mwacheni, mwacheni kwanza, gari haliwaki moto mnamkimbiza nini, lakini nani anamsikiliza bibi wa duka la panadol. Walivyomlaza chini nikamuuliza baba, vidole vya miguu unaweza kuvichezesha? Akaangalia miguu yake kama anaangalia ya mtu mwingine.

Inawezekana shingo au mgongo ulivunjika kwenye ajali yenyewe. Inawezekana ni ule mnyanyuo. Mpaka leo nikipita pale kinanisumbua, na wale waliombeba nawajua kwa majina, ni wateja wangu, ni vijana wazuri, waliacha abiria wao na pesa zao wakaenda kusaidia.

Wakati huo huo watu kama thelathini wamemzunguka abiria wa mbele aliyevunjika mkono, maana ndo alikuwa anapiga kelele. Hapo sikulaumu mtu, maana kosa hilo nililifanya mwenyewe tena nikiwa na sare nyeupe. Mwaka 1995 nikiwa mgeni kazini tuliletewa watu sita wa ajali ya pikapu kwa mpigo, manesi tupo wawili na klinikal ofisa mmoja. Mi nikaenda moja kwa moja kwa mama aliyekuwa analia mpaka madirisha yanatetemeka, mkono umevunjika, nikamfunga, nikampoza. Kwenye benchi kulikuwa na kijana kakaa kimya kajiegemeza ukutani ananiangalia, nikajua huyu mzima. Alikuwa anapumua haraka haraka na kidogo kidogo, viganja vya baridi vimelowa jasho, akaniomba maji mara mbili nikamwambia subiri kaka. Namrudia, bandama ilishapasuka zamani, damu yote imeishia tumboni, nje hamna hata tone. Nesi mkuu wetu, Mungu amrehemu, hakunigombeza, aliniambia tu binti, anayepiga kelele ana pumzi, mtazame aliyenyamaza.

Kwenye Noah aliyenyamaza alikuwa dada mmoja kiti cha nyuma, kidevu kimeangukia kifuani, anakoroma. Watu wanasema huyo kazimia tu, mpepeeni. Jamani, mtu wa ajali anayekoroma hajalala, ulimi umerudi nyuma umeziba njia ya hewa, ukimwacha hivyo ubongo unaanza kufa ndani ya dakika nne tano. Niliingia kwa nyuma yake nikashika kichwa kwa viganja viwili nikakirudisha katikati taratibu, shingo nisiikunje wala kuipindua, nikaweka vidole kwenye kona za taya chini ya masikio nikasukuma taya mbele. Koromo likakata, hewa ikapita, unaisikia kabisa. Ndo nikakaa hivyo hivyo mpaka lilipopatikana gari, wakamhamisha watu wanne kwa hesabu yangu, moja mbili tatu, kichwa, mabega, kiuno, miguu vyote vinaenda pamoja, wakamlaza kwenye mbao tuliyong'oa kwenye genge la nyanya, na njia nzima sikuachia hiyo taya, vidole viliganda mpaka kesho yake nashindwa kuhesabu vidonge. Huyo dada yupo. Amewahi kuja kuniletea mananasi ya Kiwangwa, hanikumbuki sura, ananikumbuka sauti.

Hicho nilichofanya hakihitaji digrii. Hakikuhitaji hata glavu. Kijana wa boda mwenye akili zake timamu namfundisha kwa nusu saa.

Sasa twende kwenye damu, maana ndo inayotumaliza. Zamani sisi tulifundishwa unaanza na njia ya hewa, halafu kupumua, halafu mzunguko wa damu, ile ABC. Baada ya vita vya Irak na Afghanistan mpangilio ukabadilishwa, damu nyingi inayotoka nje ikawekwa mbele ya herufi zote, maana waliona watu wasio na jeraha kichwani wala kifuani wanakufa kwa sababu ya mguu tu ambao mwenzake angeweza kuufunga. Kwa hiyo ukiona inaruka au inatiririka haikati, acha mengine. Chukua khanga, fulana, chochote kisafi kilicho karibu, kunja kiwe donge, weka pale pale inapotokea, kandamiza kwa mikono miwili na uzito wako wote, na usichungulie! Hapo ndo wengi wanapoharibu, kila dakika mtu anafunua aone kama imekata, na kila akifunua anabandua kile kilichoanza kuganda. Ikilowa, ongeza kitambaa kingine juu yake na uzidi kukandamiza.

Ikigoma na ni mguu au mkono, funga juu ya kidonda kama vidole vinne, kitambaa kipana, sio kamba ya katani wala waya, na sio kwenye goti au kiwiko. Piga fundo, weka kijiti au spana juu ya fundo, funga tena, zungusha mpaka damu ikate. Sio ipungue, ikate. Itamuuma mpaka akutukane mama yako, muache atukane. Ukilegeza kwa huruma umefanya kazi bure.

Halafu andika saa. Hili naomba mnisikilize. Niliwahi kumpokea fundi seremala, wenzake walimfunga mpira wa ndani wa baiskeli safi kabisa, damu ikakata, waliokoa maisha yake wale vijana. Lakini wakamfunika blanketi, wakamhamisha gari mbili, kituo cha kwanza wakampa rufaa, waliomfunga wakabaki njiani, aliyemleta kwetu hajui habari ya mpira. Tunakuja kufunua, mguu umekuwa wa bluu na mgumu, masaa zaidi ya sita. Ulikatwa. Masaa mawili mguu unavumilia, baada ya hapo kila dakika ni hatari. Ndo maana mi sasa natembea na maka peni kwenye mkoba, naandika kwenye paji la uso, KAFUNGWA SAA 1:40 USIKU, herufi kubwa. Usiandike kwenye karatasi, karatasi inaloa, inapotea, paji la uso halipotei.

Mengine nayapitia haraka. Nondo au kipande cha bodi kikimchoma mtu usikichomoe, ndo kizibo hicho, kizungushie kitambaa kisitikisike mpelekeni nacho. Msimpe maji wala soda hata akilia kiu, ile kiu ni dalili kwamba damu inaisha, na tumbo lenye soda akitapika huku kazimia inaingia kwenye mapafu. Mfunikeni hata kama ni Desemba na joto la kwetu mnalijua, hapo huwa wananicheka, bibi mtu anatoka jasho wewe unamfunika khanga? Ndio, maana mwili ukipoa damu haigandi, na lile jasho la baridi sio la joto. Na aliyeungua ni maji safi ya kawaida dakika 20, sio dawa ya meno, sio mafuta ya taa, sio yai.

Na kabla ya yote hayo angalia wewe kwanza usiwe wa pili. Hatujasahau Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda na madumu, likalipuka, tukazika zaidi ya watu 100. Najua wengi hawakuwa wamefuata kusaidia, lakini hata angefuata kusaidia moto usingemuuliza. Lori la mafuta likilala, kaa mbali, zima pikipiki, zima sigara, zuia watu. Kumzuia mtu asisogee nayo ni huduma ya kwanza.

Nilikuwa naongelea saa. Saa inahitajika kwa sababu nyingine pia, ipo dawa ya kusaidia damu isitoke ovyo, traneksamiki asidi, sio ghali hata kidogo, utafiti mkubwa uliotoka 2010 wenye majeruhi zaidi ya 20,000 ulionyesha inaokoa watu ikitolewa mapema, ndani ya masaa 3 tangu ajali. Yakishapita hayo haisaidii na inaweza hata kudhuru. Sasa daktari wa zamu saa nane usiku atajuaje ajali ilitokea saa ngapi, kagongwa na nini, alikuwa kavaa helmeti au hakuvaa, alizimia kwanza au kazimia njiani? Anayejua ni aliyemleta. Na aliyemleta kashaondoka. Nimeona mara nyingi mno, boda anafika getini na majeruhi kambeba katikati mshikaki, mwenzake kakaa nyuma anamshikilia, wanamlaza kwenye benchi la nje, unageuka kuchukua machela unarudi hawapo, unasikia tu pikipiki inaishia.

Kwa nini wanakimbia? Wanaogopa kuulizwa. PF3, ile fomu ya polisi, iko wapi, nani kamgonga, lete leseni, kaa hapo utatoa maelezo, pikipiki inalala kituoni na ya tajiri, jioni tajiri anataka hesabu yake. Viongozi wetu wameshatamka mara kadhaa kwamba majeruhi atibiwe kwanza fomu ya polisi ifuate, na hospitali nyingi siku hizi wanafanya hivyo, ila hiyo habari kijiweni haijafika. Kuna kijana mmoja hapa kijiweni kwetu alimwokota mzee kagongwa na gari likakimbia, akampeleka, akawekwa mpaka asubuhi kwamba ndo yeye kamgonga, mpaka mzee mwenyewe alipozinduka akasema sio huyu, huyu kanisaidia. Kijana akaniambia mama, siku nyingine nitapita kama sijaona. Utamjibu nini? Wenzetu Kenya wameandika kwenye katiba yao ya 2010, ibara ya 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na sheria yao ya afya ya 2017 ikaitaja kabisa huduma ya kabla ya kufika hospitali. Sisemi kwao kila kitu kimekaa sawa, lakini imeandikwa, mtu ana pa kushika. Mi ningeongeza kitu kimoja tu, kiandikwe kwetu kwamba aliyemleta majeruhi akatoa maelezo yake mapokezi aende zake, chombo chake hakishikiliwi kwa sababu ya kuleta mtu.

Na wanaodhani haya ya kubebwa na wapita njia ni umaskini wetu tu, Februari 1976 daktari wa mifupa wa Marekani anaitwa James Styner alianguka na ndege yake ndogo kwenye shamba huko Nebraska, mke wake akafa pale pale, watoto wanne ndani wamejeruhiwa, naye kaumia. Akajikokota barabarani akasimamisha gari la mpita njia likawapeleka, wanafika hospitali ya karibu, mlango umefungwa. Huduma aliyokuja kuipata pale ilimuuma sana, akasema mimi mwenyewe na vifaa vichache pale shambani niliwahudumia wanangu vizuri kuliko nilivyohudumiwa hapa, na hasira hizo ndo zilizozaa ile kozi ya kuhudumia majeruhi ambayo ilianza 1978 na sasa inafundishwa dunia nzima. Na hapa kwetu ajali ya wanafunzi Karatu, Mei 6, 2017, waliokufa wanafunzi 32, watatu walipona, kati ya waliofika mwanzo kule bondeni walikuwa Wamarekani wa kujitolea waliokuwa wanapita tu na magari yao wakashuka kusaidia, na hao watoto watatu baadaye wakapelekwa kutibiwa huko Marekani. Sijasema uhai uko mikononi mwa Mzungu, nasema alipita mtu anayejua cha kushika.

Sasa ombi langu, na sio la pesa nyingi. Tunao tayari mfumo wa m-mama, mjamzito akipata dharura au mtoto mchanga, unapiga 115 bure, kuna mtu kituoni anapokea, anauliza maswali, kama ambulansi iko mbali anampigia dereva wa kijijini ambaye ameandikishwa, dereva anampeleka na pesa yake anatumiwa kwenye simu. Ulianzia majaribio Kanda ya Ziwa ukazinduliwa kitaifa 2022. Nimeona kwa macho yangu dereva wa kirikuu akiamka saa tisa usiku bila kunung'unika, anajua atalipwa na hamna atakayemuuliza PF3. Kwa nini kamba hiyo hiyo isivute na majeruhi wa barabarani? Meza ile ile, madereva wale wale, ongezeni maswali matano, anapumua? anakoroma? damu imekata? umefunga saa ngapi? miguu anaichezesha? Na yule wa kwenye simu amwambie boda la kufanya wakati gari linakuja.

Na mafunzo yawafuate vijiweni, sio semina ya hoteli na posho. Kampala mwaka 2008 walifundisha watu zaidi ya 300, polisi, madereva wa taksi, viongozi wa mitaa, siku moja tu, wakawapa na vifaa kidogo, na walipofuatiliwa walikutwa wanavitumia kweli. Sisi bado tunafundisha madaktari, ni vizuri, Muhimbili kitengo cha dharura kimekuwepo tangu 2010 na kimetoa mabingwa wazuri, lakini bingwa hawezi kumtibu aliyefia barabarani huku kwetu Mdaula.

Mi nimeanza na vijana wangu wa hapa, Jumapili saa kumi kijiwe kikipoa wanakaa kwenye mabenchi ya mama ntilie nawafundisha. Mmoja analala chini anakuwa majeruhi, anaigiza kukoroma mpaka wenzake wanaanguka kwa kicheko, halafu wanashindana nani anakata mapigo ya mguu kwa khanga na spana kwa haraka, naweka vidole juu ya unyayo nahakikisha kama mapigo yamepotea kweli, tunafungua hapo hapo. Mwanzo walikuja wanne, wakisema bibi anatafuta wateja. Sasa wanafika kumi na tano na yule kijana aliyesema atapita kama hajaona ndo anayeshika kichwa vizuri kuliko wote, ana mikono mitulivu sana. Wiki iliyopita kaniuliza mama hizo maka peni unauza? Nikampa ya kwangu, kaibana kwenye taa ya pikipiki kwa mpira.

Mhariri, najua barua imekuwa ndefu na nyie nafasi zenu ni za kupimwa. Mkitaka kukata kateni ya Nebraska. Ya khanga, taya na saa kwenye paji la uso iacheni.

Nesi mstaafu,
Chalinze, Pwani